Tamasha la Sibiu: nalipatia nyota nne kati ya tano

Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za Nairobi, tamasha la kimataifa la maigizo la Sibiu, Romania, lilihamia mtandaoni, nami nikalifuata kwa simu hapa Kayole. Bando lililiwa vibaya, na picha ikikwama unapoteza sentensi nzima ya mwigizaji. Nyota moja imeishia hapo.

Lakini tamasha lenyewe! Constantin Chiriac, mwigizaji, alilianzisha 1993 mkoani, mbali na mji mkuu, Bucharest, na leo ni kati ya makubwa ya Ulaya. Faust, mchezo wa mtu anayemuuzia shetani roho yake, ulioongozwa na Silviu Purcărete, tangu 2007 huchezwa katika jumba la kiwanda cha zamani. Katikati ya mchezo watazamaji huinuka vitini na kuingia jehanamu pamoja na waigizaji. Nakuru na Kisumu, maghala mnayo. Anzeni.