TAHADHARI: Muuza jezi anayezichukua hela za timu za shule, kisha anawageukia wazazi

Walimu wa michezo, wakuu wa shule na wazazi wenye watoto kwenye timu za shule, naomba msome hili kabla hamjatuma hata shilingi kwa mtu wa jezi mliyempata mtandaoni. Kuna mtu, au kundi la watu, linalowinda shule katika msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari. Wanajua michezo hii hufanyika katikati ya mwaka. Wanajua pia kuwa shule nyingi hupata hela ya vifaa siku za mwisho kabisa, timu zikiwa zinakaribia kwenda kata au wilaya, mwalimu hana tena muda wa kulinganisha bei.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi inayosimamia michezo katika sekondari moja ya kata mkoani Morogoro. Simtaji mtu kwa jina kwa sababu suala liko polisi, na majina yenyewe anabadilisha kama anavyobadilisha laini. Nitaeleza anavyofanya kazi, maana hilo halibadilishi.

Anaanza vizuri mno. Anauliza rangi za shule, idadi ya wachezaji na kama mnataka nembo kifuani. Kisha anatuma jezi moja ya mfano kwa basi, kwa gharama yake mwenyewe. Jezi ile ni nzuri kweli: kitambaa kizito, namba imeshika, mishono imekaa sawa. Mwalimu akiishika mkononi anaona amempata mtu wa kazi. Bei nayo inakuwa chini ya kila duka mliloulizia. Baada ya hapo inaanza haraka: oda inafungwa Ijumaa, kianzio ni asilimia 70, mkichelewa nafasi inapewa shule nyingine.

Hela anataka itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, wala si Lipa Namba ya duka. Jina linalotokea silo alilojitambulisha nalo, naye anajibu upesi kwamba hiyo ni ya mhasibu. Sote tumewahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Huu ni utapeli ule ule, ila huyu amejipa muda wa kuwazoea kwanza. Alitutumia na ankara yenye TIN, namba ya mlipakodi. Tulipofuatilia, TIN ile ikawa ya duka la vifaa vya ujenzi ambalo halijawahi kuuza hata soksi. Duka alilosema analo Kariakoo lipo, lakini wenyewe hawamjui.

Shule za serikali zisikilize zaidi hapa. Alipoambiwa manunuzi ya shule yanapita NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, alisema huko mtachelewa, tumieni michango ya wazazi tumalizane kwa simu. Muuzaji anayekutoa kwenye utaratibu unaoacha kumbukumbu anajua kwa nini hataki kumbukumbu. Michango ya wazazi ni hela ya watu waliouza mahindi na mpunga, nayo inastahili ulinzi ule ule wa hela ya serikali.

Mzigo ulipotumwa ilikuja picha ya stakabadhi ya basi, namba ya kuchukulia mzigo ikiwa imezibwa. Akataka tumalizie salio ndipo aitoe. Salio likalipwa. Kilichofunguliwa ni jezi nyepesi kama chandarua, na namba za mgongoni zilibanduka zilipofuliwa mara ya kwanza. Vizibao vya herufi vya netiboli vinatakiwa kuwa saba: GS, GA, WA, C, WD, GD na GK. Sisi tulipata GA viwili, na WD na GK havikuwemo. Mipira ya miguu ilikuwa imeandikwa namba 5. Fundi cherehani mmoja jirani na shule akaizungushia futi yake ikasoma sentimita 64. Mpira namba 5 mzunguko wake ni sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo tulikuwa tumeuziwa namba 4, wa watoto wadogo, uliopigwa chapa ya uongo. Viatu vya misumari vya wakimbiaji havikufika kabisa. Simu ikazimwa.

Hela inauma, lakini kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye taarifa ya polisi. Shuleni kwetu wazazi walikubali kuchangia kwa makubaliano ya wazi: mazoezi yaanze saa 10 jioni na kuisha saa 11 na nusu, watoto waoge, wale, na saa 1 wawe kwenye prepo. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba na kidato cha pili nao wana wao. Hakuna mzazi aliyetaka mtoto arudi na kikombe huku matokeo yamemfungia mlango. Makubaliano yale yalikuwa yanaenda vizuri, na baadhi ya walimu waliokuwa wakipinga michezo walianza kukubali kwamba watoto wa timu wanawahi darasani kuliko wengine. Kisha yakaja haya. Mwalimu wetu wa michezo ndiye mwalimu wa hesabu. Kila asubuhi aliyokwenda stendi kuulizia mzigo, na kila saa aliyokaa kwenye simu akibembeleza, kuna darasa lililobaki bila mwalimu wa hesabu, na hesabu ndilo somo linaloangusha watoto wetu wengi. Binti yetu wa mita 1,500 alikimbia na raba za kuazima zilizompwaya.

Sehemu ya pili ya utapeli ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu huu. Muuzaji aliomba orodha ya wachezaji "kwa ajili ya kuchapa majina": jina kamili, saizi, kidato na simu ya mzazi. Orodha ikatumwa. Muda si mrefu wazazi wakaanza kupigiwa. Mwanao ameonekana na maskauti, kuna ufadhili wa michezo chuo kikuu Marekani, lipia fomu shilingi 150,000 leo, na matokeo ya NECTA hayahitajiki kwa sababu ana kipaji. Mzazi anatajiwa jina la mtoto, kidato chake na mchezo anaocheza. Ataachaje kuamini? Wapo waliolipa.

Naomba wazazi mlijue hili. Ufadhili wa michezo Marekani upo kweli, na Watanzania wameupitia. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akashinda mataji ya vyuo, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Lakini njia ile inapita darasani. Kwa vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwanafunzi anayetaka kushindana katika Divisheni ya Kwanza au ya Pili lazima kwanza athibitishwe na kituo chao cha kuhakiki sifa, na miongoni mwa vinavyohakikiwa ni masomo: masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani unaotakiwa, pamoja na vyeti na matokeo rasmi. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kwa hiyo anayekwambia matokeo hayahitajiki anakudanganya, na anamwambia mtoto wako jambo la hatari zaidi, kwamba aache kusoma akimbie tu.

Kamati yetu imebadilisha mambo. Hakuna kianzio kinachotoka bila watu wawili kufika dukani kwa miguu, na kama duka liko mbali tunamtafuta mzazi au ndugu aliye mji ule aende atazame. Malipo ni Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inatolewa pale pale na kuhakikiwa kwa ule msimbo wake TRA kabla mzigo haujatoka. Mfano mmoja wa jezi hautoshi: tunafungua mzigo wote, tunafua jezi moja tuliyoichagua sisi, tunapima mipira kwa futi (wa netiboli uwe sentimita 69 hadi 71), tunahesabu vizibao. Mchapaji anapewa jina la mgongoni na saizi, basi. Simu za wazazi na vidato vya watoto havimhusu, na tangu ile sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 shule haitakiwi kuzigawa ovyo. Anayefuatilia vifaa sasa ni mzazi, ili mwalimu abaki darasani. Na pale hela isipotosha, tunashonesha kwa fundi wa hapa hapa wilayani. Nembo yake haing'ai sana, lakini akikosea tunajua anapokaa.

Kama mmeshatuma hela, pigeni 100 huduma kwa wateja wa mtandao wenu saa hiyo hiyo, kwa sababu ikiwa haijatolewa kwa wakala bado kuna uwezekano wa kuizuia. Namba iliyotumika iripotini TCRA kupitia 15040. Msifute meseji, msifute picha ya stakabadhi, tunzeni muamala na ile jezi ya mfano, nendeni polisi mchukue RB, ile namba ya taarifa yenu. Walimu, msione aibu kwa mkuu wa shule na kunyamaza. Zipo shule zaidi ya moja kwenye jalada letu, na kila RB mpya inampa mpelelezi namba nyingine ya kufuatilia. Na leo hii wapigieni wazazi wa wachezaji wenu, mmoja mmoja, muwaambie hakuna skauti aliyetumwa na shule.