Wachawi, wajakazi na kichwa cha Medusa: riwaya tatu kwenye mizani

Kama fedha yako inatosha kitabu kimoja, chukua The Penelopiad ya Margaret Atwood, iliyotoka mwaka 2005. Kama inatosha viwili, ongeza Circe ya Madeline Miller ya mwaka 2018, inayomhusu mungu wa kike mchawi, na hiyo ndiyo uanze nayo. Stone Blind ya Natalie Haynes (2022), inayomhusu Medusa, yule mwenye nywele za nyoka, isubiri.

Soko limefurika riwaya za namna hii. Medea, Clytemnestra, Ariadne, Phaedra: karibu kila mwanamke aliyepakwa matope katika visasili vya Kigiriki sasa ana riwaya yake. Nyingi zinakwama mahali pamoja. Mwandishi anashika kitambaa, anamfuta mhusika wake doa baada ya doa, hadi anabaki mwanamke aliyeonewa na kila mtu na ambaye mwenyewe hajafanya lolote. Mtu wa hivyo hachukizi, lakini pia hasisimui.

Atwood ameingilia pale ambapo Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, mwenyewe aliacha mlango wazi. Katika kitabu cha 22 cha utendi wa Odyssey, Odysseus, aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi, akishawaua wachumba waliokuwa wakimposa mkewe Penelope, anamuuliza yaya wake mzee, Eurycleia, ni wajakazi gani waliomvunjia heshima. Kati ya 50 anatajiwa 12. Hao wanaamriwa kwanza wabebe maiti nje, kisha waoshe meza na viti kwa sponji zilizolowa maji. Halafu wananyongwa kwa kamba ya merikebu, wamepangwa mstari mmoja kama ndege walionaswa wavuni. Miguu yao inatapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Homer anatumia mistari michache, anaendelea na mengine. Penelope wakati huo amelala.

Penelope wa Atwood, anayesimulia akiwa kuzimu, anakiri kwamba wasichana wale aliwatuma yeye wajipenyeze kwa wachumba na kumletea habari, na Eurycleia hakuambiwa. Basi Penelope hatoki msafi, na hapo ndipo kitabu kinapopata nguvu. Kila mara wajakazi 12 wanamkatiza kwa pamoja: kwa wimbo wa kuruka kamba, kwa wimbo wa mabaharia, kwa mhadhara wa kitaaluma, hata kwa kesi mahakamani. Ukiziruka sehemu hizo kwa haraka ya kufuata kisa, umekiruka kitabu chenyewe. Kasoro ni Helen, yule wa vita vya Troy, aliyechorwa mrembo mwenye majivuno anayewasimanga wenzake hata baada ya kufa. Haki waliyopewa wajakazi, Helen hakuipata.

Circe ni nene karibu mara mbili lakini inasomeka kwa ulaini, ndiyo maana inafaa kutangulia. Prometheus, Daedalus, Minotaur, Medea na Odysseus wote wanapita mbele ya msimulizi mmoja, na asiyevijua visasili hivi anatoka amevijua.

Ufundi mkubwa wa Miller uko kwenye dawa. Homer anamwita Circe polypharmakos, mwenye dawa nyingi, na pharmakon kwa Kigiriki ni tiba, ni sumu, ni uganga pia. Mtafsiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua moja. Kiswahili kinalo neno lake tayari, na anayejua maana ya kusema fulani "katiliwa dawa" ataikuta riwaya hii iko karibu naye kuliko alivyotarajia. Katika kisiwa cha Aiaia mmea unatafutwa, unachimbwa kwa msimu wake, unakung'utwa udongo, unachambuliwa, unaoshwa. Ukikosea unatupa, unaanza upya. Kurasa hizo zisomwe polepole.

Miller pia hakufuta kosa kubwa. Kwa wivu juu ya Glaucus, anayempenda Scylla, Circe anatia dawa maji anayoogea Scylla, kama Ovid, mshairi wa Kirumi, alivyosimulia katika kitabu cha 14 cha Metamorphoses, na Scylla anageuka zimwi linalokula mabaharia. Hatia hiyo haimwachi. Udhaifu uko kwenye nguruwe. Kwa Homer, Circe anawageuza wageni kuwa nguruwe bila kutoa sababu: jibini, shayiri, asali na divai, dawa ndani, fimbo, basi. Miller ameitafuta sababu: nahodha aliyekaribishwa kisiwani anambaka. Tukio limeandikwa kwa uangalifu, ila linampunguza Circe, kwani mungu aliyetenda kwa utashi wake sasa lazima aumizwe kwanza.

Stone Blind inaegemea kwa Ovid pia: Medusa anabakwa na mungu wa bahari ndani ya hekalu la Athena, na anayeadhibiwa ni yeye. Kurasa za nyumbani ni nzuri mno, pale dada zake wawili wasiokufa, Sthenno na Euryale, wanapojifunza kulea mtoto atakayekufa. Tatizo ni wingi wa wasemaji. Kichwa cha Medusa kilichokatwa kinasema, kunguru anasema, hata mizeituni inasema, na mzaha ni ule ule. Medusa anasukumwa kando ndani ya kitabu chake.

Kabla ya Miller soma kitabu cha 10 cha Odyssey, kabla ya Atwood kile cha 22. Ni kazi ya jioni moja. Chukua tafsiri ya Emily Wilson ya mwaka 2017. Telemachus, mwana wa Odysseus, anapowataja wajakazi kabla ya kuwanyonga, Kigiriki kina kiwakilishi tu, "hao", cha kike. Baadhi ya watafsiri waliotangulia waliongeza hapo matusi ya umalaya ambayo Homer hakuyaandika. Wilson ameandika "wasichana".