Seti ya ethi ya redio ya ridhaa: kilichomo na kinachokosekana

Seti nyingi wanazouziwa waendesha redio za ridhaa zinafanana: fimbo ya chuma iliyopakwa shaba yenye urefu wa mita 1.2, klampu ya shaba nyeusi, waya wa shaba uliosukwa, na aresta ya radi (kifaa kinachopeleka volti za radi ardhini) ya kebo ya koaksi, yaani kebo inayotoka kwenye antena hadi redioni.

Kinachostahili pesa hapo ni aresta. Fungua kifuniko uangalie kidonge cha gesi, kile kinachopitisha umeme volti zikizidi kiwango chake, kimeandikwa volti ngapi. Redio ya wati 100 kwenye kebo ya omu 50 hufikia kilele cha volti 100, na SWR (kipimo cha jinsi antena isivyolingana na kebo) ikiwa 3 kwa 1 kilele hupanda hadi karibu volti 173. Kidonge cha 90 kitalipuka cheche kila unaporusha. Cha 230 kinafaa. Klampu nayo ni imara. Itumie hiyo, usilehemu kwa risasi, maana mkondo wa radi huiyeyusha.

Fimbo ni fupi mno. Udongo wa juu hukauka, na ethi hufifia nao. Tafuta ya mita 2.4, ukiweka mbili, ziachanishe mita 5 hivi.

Waya uliosukwa usiutoe nje. Maji hupenya katikati ya nyuzi, kutu ya kijani huota, na nyuzi haziguswani tena vizuri. Weka utepe bapa wa shaba, mfupi kadiri inavyowezekana. Waya wa mita 2.5 ni robo ya wimbi la megahezi 28: chini umefukiwa, lakini upande wa redio una volti za masafa ya redio za kutosha kuuma midomo kwenye maikrofoni.

Kasoro kubwa kuliko zote iko kwenye karatasi ya maelekezo: haisemi popote kwamba fimbo hii lazima iunganishwe na ethi ya nyumba. Ukiziacha mbalimbali, radi ikipiga jirani tu, kila moja inakuwa na volti yake, na njia ya kuzisawazisha inapita ndani ya redio yako. Nunua waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, uzungushe nje ya ukuta bila kona kali, uzifunge pamoja. Ethi ya plagi usiikate kamwe.

Ahadi ya boksi kwamba antena "itapata nguvu" ipuuze. Dipoli, antena ya nyaya mbili zilizotandazwa pande mbili, haipati kitu kwenye fimbo. Antena ya wima ndiyo inayodai ardhi, nayo inataka radiali, yaani nyaya zinazotawanyika kutoka kitako chake, 16 au zaidi zilizolazwa juu ya majani.