Basi la kuzungusha watalii Chicago: mama yangu si kiziwi

Nimekaa na hili jambo moyoni miezi mingi, sasa naliandika kabla halijanipandisha presha. Kama unapanga kumpeleka mzazi Chicago na unataka kulipia lile basi la ghorofa lisilo na paa, la kupanda na kushuka utakapo siku nzima, nisome kwanza. Kampuni siitaji. Waliolipanda wataijua.

Mama alikuja kututembelea kutoka Voi, msimu ule majani yanapoanza kuwa mekundu. Sisi tunakaa Indianapolis, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Hakuomba maghorofa wala maduka. Alisema, "Nipeleke nikawaone simba wetu." Wale simba wala watu wa Tsavo wako Chicago, ndani ya jumba la makumbusho la Field Museum, na Tsavo ni jirani yetu. Basi, kupanda basi ilikuwa akili yangu mimi, nikitaka auone na mji wenyewe kabla ya simba. Mwenye kosa la kwanza ni mimi, nakubali.

Tukapanda juu. Upepo wa Ziwa Michigan ulikuwa unakata masikio, Mama kajifunga leso mbili juu ya koti. Mlangoni wanakupa vidude vya kuweka masikioni, unavichomeka kwenye tundu la kiti chako, sauti inakueleza unapopita. Mama akachomeka. Kimya. Akachomoa, akapuliza tundu kama tulivyokuwa tukipuliza kanda za redio, akachomeka tena. Kimya. Nikamwambia tubadilishane viti. Akakataa katakata: "Mimi nimelipiwa tiketi nzima. Kwa nini nisikie kwa kuazima?" Ualimu huo.

Nikamwita kijana aliyevaa jaketi la kampuni. Akaja anatafuna chingamu. Hakuinama kulitazama tundu, hata kwa kujifanya. Aliitazama leso ya Mama, akanitazama mimi, akaniuliza, "Anaelewa Kiingereza?" Nikamwambia shida si Kiingereza, kiti hakitoi sauti. Basi akamgeukia Mama na kuanza kusema kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama unavyomsemesha kiziwi: mashine ni nzima, huenda ni yeye asiyefuata, na lugha yake humo haimo. Akaenda zake.

Mama yangu amefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Akamjibu kwa kile Kiingereza chake cha ubaoni, kila neno limepigwa pasi, kwamba mtu hasemi na mkubwa huku anatafuna. Lakini kijana alikuwa ameshafika ngazini. Makanga wa matatu za kwetu ni watukutu, nimetukanwa nao tangu utotoni, ila hata yule mkorofi kuliko wote akimwona mama wa umri ule anasema "shikamoo" kwanza, ndipo anamzidishia nauli.

Kuanzia hapo mimi sikuona mji. Nilikuwa naona kisogo cha yule kijana tu.

Tukapita Water Tower, ule mnara wa mawe ulionusurika moto wa Oktoba 1871. Ghafla basi zima likaangua kicheko, isipokuwa Mama. "Wanacheka nini?" Ikabidi niwe redio yake. Nikamweleza kwamba moto ule uliwaua watu kama 300 na kuwaacha kama 100,000 bila makao, na hadithi ya mtaani ni kwamba ulianzishwa na ng'ombe wa mama mmoja aitwaye O'Leary, aliyepiga teke taa zizini.

"Nani alimwona huyo ng'ombe?"

"Hakuna."

Nikamwambia kwamba baraza la mji lilikuja kumtakasa huyo mama pamoja na ng'ombe wake mwaka 1997. Akahesabu kwa vidole. "Miaka mia moja ishirini na sita. Haya, basi na mimi nitangoja."

Kwa kweli mkalimani nilikuwa mimi na mzozaji alikuwa yeye, na sijui kama ile sauti ya kwenye kiti ingemfurahisha zaidi. Nilipomweleza kwamba mwaka 1900 wahandisi waliugeuza Mto Chicago utiririke kinyume, ili maji taka yasiingie ziwani wanakochota ya kunywa, akauliza yanakwenda wapi sasa. Nikasema huko chini, yanatafuta Mississippi. "Kumbe wamewapelekea majirani uchafu!" Nikamwambia ndivyo walivyolalamika watu wa Missouri, wakaenda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1906 wakashindwa. Akatikisa kichwa. Mbele ya Willis Tower, ghorofa 110, aliuliza swali moja la mtu wa Voi: maji yanafikaje huko juu?

Grant Park, ile bustani kubwa ya mji, ndipo nilipoacha kusikiliza kwa hasira. Sikioni mwangu sauti inasifu chemchemi ya Buckingham, hodari sana, na mimi najua kwamba marathon ya mji huu humalizikia humo humo bustanini. Nikamwonyesha Mama: hapa ndipo Kelvin Kiptum alipomaliza Oktoba 2023, saa mbili na sekunde thelathini na tano, rekodi ya dunia. Miezi minne baadaye alikuwa amekufa ajalini. Mama akanyamaza kabisa. Nikavivua vile vidude nikavitia mfukoni.

Sasa niseme haki. Tulipoteremka ghorofa ya chini kukimbia baridi, dereva, mzee Mweusi mwenye mvi, alimwona Mama kwenye kioo akampungia aje akae kiti cha mbele. Alimwita "Mother", si "madam". Kila taa nyekundu ikisimama alimwambia jambo. Tulipovuka daraja la Michigan Avenue akamweleza kwamba linaitwa DuSable, jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu Mweusi aliyejenga kando ya mto huo kabla ya mji kuwa mji, tena alioa mwanamke wa kabila la Potawatomi, wenyeji wa pale. "Kwa hiyo mji ni wenu," Mama akamwambia. Mzee alicheka hadi nikaogopea usukani. Dakika zile kumi nilikuwa tayari kuwapa nyota tano na kusamehe yote.

Halafu yule kijana akashuka ngazi, akamwambia dereva kwamba abiria wasikae pale mbele. Nyota zote zikarudi mfukoni.

Tukashukia Field Museum. Simba wenyewe ni wawili, madume yasiyo na manyoya shingoni, nyuma ya kioo. "Ni wadogo," Mama akasema. Ni kweli, na sababu ipo: Patterson, yule Mwingereza aliyewaua mwaka 1898 pale daraja la reli lilipokuwa linajengwa, aliwafanya mazulia ya nyumbani kwake, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hili ngozi kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa. Yeye alidai waliua watu 135, ila waliopima mifupa na manyoya yao miaka ya karibuni wanakadiria kama 35.

"Yaani umuue simba, umkanyage miaka ishirini na tano, halafu umuuze?" Akasogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, akawasalimia kwa Kitaita, chinichini. Hakuharakishwa na mtu. Tulikaa pale karibu saa nzima.

Usiku ule niliwaandikia kampuni barua pepe ndefu. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa: pole kwa "tatizo la kiufundi", pamoja na punguzo la asilimia kumi safari ijayo. Tatizo la kiufundi! Tundu kufa ni jambo la kawaida, hata langu la chaja nyumbani limekufa. Mimi nawalalamikia macho yaliyotua kwenye leso yakamaliza hesabu.

Juzi nimempigia Mama. Kumbe kanisani kwao ameshasimulia Chicago yote, ng'ombe, mto, simba, na dereva amempandisha cheo kuwa "rafiki yangu wa Amerika". Nikamuuliza na basi je? "Basi lilikuwa zuri tu. Mbona wewe bado uko ndani yake?"

Yeye angewapa nyota nne. Mimi nilikuja hapa kuweka moja. Kwa heshima yake naweka mbili, na mjue hiyo ya pili ni ya dereva.