Usajili wa stempu mpya na bahasha za siku ya kwanza kutoka nje: uzoefu wangu

Nimetumia usajili huu kwa posta za nchi saba, kila moja kwa zaidi ya miaka mitatu. Anayetaka jibu la haraka, ni hili: kwa stempu safi ambazo hazijatumika, jisajili bila wasiwasi. Kwa bahasha za siku ya kwanza, yaani bahasha zilizobandikwa stempu mpya na kupigwa muhuri wenye tarehe ya kutoka kwa toleo, jisajili kwa nchi mbili tatu unazozipenda sana, zilizobaki zitengeneze mwenyewe.

Huduma yenyewe ni rahisi. Posta ya nchi husika huwa na idara ya wakusanyaji. Unajaza fomu, unachagua unachotaka katika kila toleo (seti moja safi, kipande cha stempu nne zilizoshikana, karatasi ndogo ya kumbukumbu, bahasha yenye muhuri), kisha unaweka amana au unaacha namba ya kadi ikatwe kila mzigo unapotoka. Mizigo mingi hutoka mara moja kila miezi mitatu.

Wengi huumia kwenye fomu hiyo hiyo. Kisanduku cha "matoleo yote" kinavutia, lakini ndani yake zimo stempu za kawaida za kila siku, vijitabu, roli, na hata stempu ile ile iliyochapwa upya ikiwa na tofauti ndogo ya meno (vijino vya ukingoni) au ya karatasi. Bili inaweza kufika mara mbili ya ulivyotarajia. Weka alama kwenye stempu za kumbukumbu (zinazotolewa kuadhimisha tukio, mtu au mada) peke yake, kataa vijitabu, na kama fomu ina nafasi ya maelezo, andika kiwango cha juu unachokubali kulipa kwa mzigo mmoja. Kosa la pili halina kelele: kadi inaisha muda, mzigo haulipiki, na usajili unafutwa bila barua. Ukija kugundua, toleo limeshaondolewa sokoni, kwa sababu posta nyingi huuza toleo kwa kipindi maalumu tu. Kuanzia hapo unanunua kwa wafanyabiashara, kwa bei wanayoipanga wao. Tarehe ya mwisho ya kadi iandike mahali unapopaona.

Usafirishaji ndio unaoamua kama huduma hii ina faida. Kuletewa seti moja ya stempu nne kwa barua ya rejista kunaweza kugharimu zaidi kuliko stempu zenyewe. Mzigo wa miezi mitatu kwa pamoja ni nafuu, na pale penye chaguo la mara mbili kwa mwaka mimi huchagua hilo. Kwa aliye ndani ya Umoja wa Ulaya kuna jambo la ziada: tangu tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi kwa vifurushi vya hadi euro 22 kutoka nje ya umoja uliondolewa, kwa hiyo hata kifurushi kidogo kinaweza kudaiwa kodi, pamoja na ada ya kushughulikiwa.

Mzigo ukifika, usishike kitu kwa vidole. Tumia kibano chenye ncha bapa, na taa itoke ubavuni badala ya juu. Mwanga wa ubavuni huonyesha mkunjo ambao mwanga wa juu huuficha. Kwenye stempu safi angalia meno ya pembe nne kwanza, maana ndiyo hukatika njiani, kisha geuza uone gundi: alama ya kidole, mstari wa unyevu, au sehemu inayong'aa kuliko nyingine. Mwisho tazama kama picha iko katikati ya fremu. Kwa stempu safi, kiwango cha huduma hizi kimeniridhisha. Kasoro ni chache, na ukidai ndani ya muda uliotajwa kwenye hati ya mzigo, nyingi hubadilishwa.

Bahasha ni habari nyingine. Ni safi mno. Mchoro wa kumbukumbu uko kushoto, stempu kulia, muhuri umekaa sawasawa, anwani hakuna. Hazijawahi kupita kwenye mfuko wa posta. Na hapa anayeanza inafaa aelewe "siku ya kwanza" ina maana gani kiutendaji. Tarehe iliyo kwenye muhuri ni ya siku ya kutoka kwa toleo, wala si lazima iwe siku ambayo mkono ulipiga muhuri. Posta ya Marekani, kwa mfano, inakubali maombi ya muhuri wa siku ya kwanza hadi siku 120 baada ya toleo. Bahasha 50 za mwanzo hupigwa bure, na kila moja inayozidi hapo hulipiwa senti 5. Hakuna udanganyifu hapo, ni utaratibu ulio wazi, ila usilipe bei ya juu ukidhani bahasha ile ilikuwa kwenye dirisha la posta asubuhi ile ya toleo.

Linganisha na stempu ya kwanza duniani, Penny Black ya Uingereza, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Barua za siku hiyo zinatafutwa kwa sababu zilisafiri kweli, zikiwa na biashara au salamu ndani yake. Mchoro wa kumbukumbu upande wa kushoto ulikuja baadaye sana. Mwanzo wake kwa kawaida huhusishwa na Mmarekani George Ward Linn na stempu ya maombolezo ya Rais Harding wa Marekani, tarehe 1 Septemba 1923. Tangu hapo bahasha imekuwa bidhaa, na bidhaa inayotengenezwa kwa wingi haipandi bei. Anayenunua bahasha za usajili kama akiba ya uzeeni atafute akiba nyingine.

Ndiyo maana napendelea kutengeneza mwenyewe, kisha kuituma kwa posta ya nchi husika ipigwe muhuri na kurudishwa kwangu. Chukua bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ya ukubwa wa C6, yaani milimita 162 kwa 114. Ingiza ndani kadi ngumu kiasi cha postikadi. Bila kadi hiyo muhuri hupigwa juu ya utupu, nusu ya maandishi hayatokei, na ukingo wa mfuniko wa nyuma huacha mstari katikati ya tarehe. Bandika stempu juu kulia, ukiacha kama sentimita moja kutoka kila ukingo. Lowesha gundi kidogo tu, maana maji mengi hukunja karatasi na mkunjo huo haunyooki tena. Acha nafasi ya muhuri upande wa kushoto wa stempu. Anwani iandike kwa penseli nyepesi chini kulia. Zile lebo zinazodaiwa kubanduka bila kuacha alama huacha gundi, na baada ya miaka michache gundi hiyo inakuwa doa la njano. Ukitaka bahasha isafiri peke yake bila kufungiwa ndani ya nyingine, lipia nauli kamili ya kimataifa kwa stempu za toleo hilo hilo, hata kama ni lazima ubandike tatu. Kupata nauli ya kurudishia kwa kuponi ya kimataifa ya majibu (kuponi inayobadilishwa kwa stempu katika nchi nyingine) kumekuwa kugumu: Uingereza iliacha kuziuza mwishoni mwa 2011, Marekani mwaka 2013. Kwa hiyo stempu za nchi husika zinunue kabla. Hapo ndipo usajili wa stempu safi unapojilipa: agiza seti mbili, moja ya albamu, nyingine ya bahasha.

Kuhusu stempu safi za ziada, Uingereza imeleta mkanganyiko. Stempu zake za kawaida zisizo na msimbo wa mistari (barcode) ziliacha kukubalika baada ya tarehe 31 Julai 2023, lakini zile za kumbukumbu zenye picha zinaendelea kutumika bila msimbo. Wapo waliouza za kumbukumbu kwa hasara wakidhani zote zimekufa.

Faida moja ya usajili wa moja kwa moja ambayo haisemwi vya kutosha ni uhalali. Sokoni kuna karatasi nyingi zenye picha za wanyama, treni na wachezaji wa mpira, zikiwa na jina la nchi ambayo posta yake haikuzitoa kabisa. Kwa matoleo ya kuanzia 2002, Umoja wa Posta Duniani una orodha iitwayo WNS. Kila stempu iliyosajiliwa hupewa namba yenye herufi mbili za nchi, tarakimu tatu, na mwaka. Si posta zote zinazoshiriki, hivyo kukosekana humo peke yake si ushahidi. Lakini kama nchi inashiriki, na matoleo yake mengine ya mwaka huo yamo isipokuwa hilo unalouziwa, rudisha mkono mfukoni. Tofautisha pia na stempu zinazopigwa muhuri kwa oda kabla ya kuuzwa: muhuri umekaa vizuri kwenye pembe, na ukigeuza unakuta gundi nzima nyuma. Hizo ni halali, ila thamani yake ni ndogo.

Uhifadhi usiuchanganye na oda ya posta. Albamu na mifuko wanayokuongezea kwenye fomu mara nyingi ni ghali, na aina ya plastiki haitajwi. Adui hapa ni plastiki ya PVC. Vilainishi vyake hutoka taratibu, vinanata kwenye karatasi na kuyeyusha wino. Mfuko mpya wenye harufu kali ya plastiki utilie shaka. Njia ya uhakika: pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande cha plastiki, kisha urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, plastiki hiyo ina klorini. Fanya hivyo nje ya nyumba, moshi wake si mzuri. Poliesta na polipropilini ni salama. Pima bahasha kabla ya kununua kurasa: mbali na C6 kuna DL ya milimita 220 kwa 110, na bahasha za Kimarekani za takribani 165 kwa 92. Mfuko uzidi kwa milimita mbili au tatu. Ukiwa mkubwa zaidi, bahasha inateleza na pembe zinachakaa.

Stempu safi usiziweke kwa bawaba za karatasi (vipande vidogo vyenye gundi vya kubandikia stempu kwenye albamu), maana zinaharibu gundi uliyoilipia. Tumia vifuko vya uwazi vyenye mgongo mweusi, kama vya chapa ya Hawid. Kata kwa kuacha milimita moja kila upande, na ulambe ukanda wa juu pekee, kwani mate yakizidi hupenya ndani na stempu inashikamana na mgongo. Bawaba ziache kwa stempu zilizotumika.

Albamu zisimame, zisilale. Zikilalana, uzito pamoja na joto hugandisha gundi kwenye plastiki. Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50, maana ukipita 65 ukungu unaanza, na kabla ya ukungu mifuniko ya bahasha hujifunga yenyewe. Kwa hilo la mwisho dawa ni ndogo: kadi uliyoiingiza ndani isukume hadi ukingo wake uzuie mfuniko kugusa gundi, au ufungue mfuniko kabisa kuelekea nje kabla ya kuiweka bahasha kwenye ukurasa.