Chozi na Uyoga Mamama: Tathmini ya Matembezi ya Nusu Siku Msituni Ngozi

Mwezi Aprili nililipa shilingi 30,000 kwa matembezi ya nusu siku katika msitu wa Ngozi, wilayani Rungwe, ambayo tangazo lake liliahidi kulinganisha ndege mmoja mdogo aitwaye chozi na uyoga mmoja wa kuliwa uitwao mamama. Nilidhani ni ujanja wa kuvuta wateja tu, kwani chozi na mamama wanafanana wapi?

Tulianza safari tukiwa tumechelewa saa nzima, na kwa anayefuata ndege, hiyo ni hasara kubwa. Hata hivyo, pembezoni mwa msitu tulibahatika kumwona chozi dume wa kijani kinachometameta, mwenye manyoya mawili marefu mkiani, akizamisha mdomo wake uliopinda ndani ya maua. Mwongozaji, kijana mtulivu mwenye ujuzi wa kweli, alieleza kwamba mbochi, yaani maji matamu ya maua, humpa ndege huyo nguvu lakini karibu haina protini, hivyo hulazimika kukamata wadudu na buibui, hasa wakati wa kulisha makinda.

Mbele kidogo tulikuta gogo lililooza, limejaa mamama waliopangana kama vigae, na hapo ndipo ulinganisho ulipopata maana. Sehemu tunayoipika ni ya kutawanyia spora tu, yaani chembe ndogo zinazofanya kazi kama mbegu. Mwili wenyewe ni nyuzi laini zilizojipenyeza ndani ya gogo na kulimeng'enya polepole. Kwa kuwa mti mkavu una nitrojeni kidogo mno, na protini haiundwi bila nitrojeni, nyuzi hizo hupoozesha kwa sumu minyoo isiyoonekana kwa macho, kisha huipenya na kuinyonya. Miaka yote nimekula mamama kwa ugali bila kujua kwamba naye ni mwindaji, mwenye upungufu uleule wa chozi.

Kasoro zipo. Darubini ilikuwa moja kwa watu sita, na ada ya kuingia msituni, ambayo haikutajwa tulipolipa, tuliisikia tukiwa tumekwisha kufika. Lililonikera zaidi ni kwamba mwongozaji alichuma uyoga bila kutuonya kuhusu aina zenye sumu, hata mama mmoja akatia kapuni uyoga wa ardhini asioujua, na ikabidi sisi wenzake tumsihi autupe.

Ningerudi kwa ajili ya maelezo yale, ila ningedai tuondoke saa 12 asubuhi na ningebeba darubini yangu.