Redio ya mfukoni na sauti za AM jioni: uzoefu wangu nikiwa London, Nakuru

Nianze na mtaa wangu, nisije nikawachanganya. Nakaa London, hii yetu ya Nakuru chini ya Menengai, wala sijawahi kupanda ndege. Babu alikuwa akifungua redio jioni kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London. Mimi nimo London, natafuta wazee wa Marekani wanaobishana kuhusu transfoma.

Redio ninayoizungumzia nimekaa nayo miezi kumi na minne. Imetengenezwa China, inaingia kwenye mfuko wa koti, ina kioo cha namba, FM, AM, mawimbi mafupi mpaka kilohezi 29,999, na kitufe cha SSB, yaani njia ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, nitaieleza chini. Jina la kampuni siandiki, wala la duka, kwa sababu kuna mahali nitailaumu na mwenye duka tunapanda naye matatu moja. Anayezijua redio hizi ataitambua kwa betri: inatumia BL-5C, ileile ya Nokia 1100 ya tochi. Betri hiyo ndiyo iliyonitoa shilingi 11,500 mfukoni. Redio yangu ya awali ilikufa kwa kukosa betri yake maalumu, na BL-5C huikosi hata kwenye kibanda cha kuuza vocha.

Niliinunua kwa kazi moja tu, kusikiliza wanaredio wa ridhaa wanaozungumza kwa AM nyakati za jioni. Hawa ni watu binafsi wenye leseni na alama yao ya kuitana, wanaorushiana sauti hewani kwa kupenda tu, bila biashara wala matangazo. Wa Kenya alama zao huanza na 5Z4, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi sina leseni, kwa hiyo sirushi chochote. Nasikiliza.

Kwa nini AM? Wengi wao walishahamia SSB miongo mingi iliyopita, na walikuwa na sababu. Kwenye AM kuna wimbi mama, halafu sauti inakaa pande zake mbili, na kila upande umebeba maneno yaleyale. Hata mtu akiijaza sauti yake hadi mwisho, theluthi mbili za nguvu zote zinakwenda kwenye wimbi mama ambalo halijabeba hata neno moja. Ni kukodi lori tupu lisindikize mikokoteni miwili yenye mzigo mmoja. SSB ilifukuza lori na mkokoteni mmoja, nguvu yote ikaenda kwenye sauti. Gharama yake utaijua ukiisikia SSB kwenye redio ya kawaida: ni bata aliyefungiwa kwenye gunia. Ukiwa na kitufe maalumu utamwelewa, lakini sauti inabaki nyembamba kama ya simu.

AM ya mwanaredio aliyeijali mashine yake ni kitu kingine kabisa. Unamsikia mtu akivuta pumzi. Unasikia kiti kikilia chini yake.

Wiki mbili za kwanza sikupata chochote, na nilikuwa tayari kuirudisha. Sebuleni kwangu, kuanzia saa kumi na mbili, mawimbi mafupi yote yalikuwa mngurumo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama watoto akaniuliza kama nimenunua redio au nimenunua nyuki. Nikaanza kuzima kitu kimoja kimoja: chaja ya simu, dikoda ya televisheni, balbu ya LED ya jikoni. Hiyo balbu, ambayo nilijivunia kwamba inakula stima kidogo, ndiyo iliyokuwa jambazi mkuu. Nyumba ikatulia kiasi, lakini nina majirani wanne na kila mmoja ana balbu zake.

Halafu siku moja stima zikapotea mtaa mzima. Watu wakapiga kelele ile ya kawaida, "Aaaai!", mimi nikakimbilia redio. Mngurumo ulikuwa umekatika kama umekatwa kwa kisu. Kwenye kilohezi 29,010 hivi mzee mmoja alikuwa akimweleza mwenzake, polepole, jinsi paka wake anavyolala juu ya mtambo kwa sababu ya joto la valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani. Nilikaa gizani dakika arobaini. Tangu siku hiyo stima zikipotea sinuni, na nyumbani wameshanizoea.

Nieleze hii bendi, maana wengi wananunua redio na kutafuta mahali pasipo na watu. Wamarekani wa AM huzungumza sana kati ya kilohezi 29,000 na 29,200, kwenye bendi ya mita 10 (mita hizo ni urefu wa wimbi). Saa kumi na moja jioni kwetu, wakati wa baridi yao, pwani ya mashariki ya Marekani ni saa tatu asubuhi. Mstaafu ameshakunywa kahawa, amewasha mtambo, anasubiri upate moto. Lakini bendi hii hufunguka vizuri, yaani sauti za mbali hufika, jua likiwa kwenye miaka yake ya nguvu tu. Nguvu hiyo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, na Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga na hali ya hewa, walitangaza kwamba limeingia kipindi cha kilele. Bahati yangu ni kwamba nilinunua redio wakati huo. Kwa masikio yangu, Oktoba hadi Machi ndio msimu, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku. Juni na Julai nilizungusha kidude nikapata mchele mtupu, yaani ile shshsh.

Sasa mambo ya redio yenyewe.

Antena yake ya kuvuta haitoshi. Niliona wengine wakiisifu, labda wanakaa shambani. Nilikwenda kwa fundi wa jua kali anayesuka mota, akaniuzia waya wa shaba kwa mia moja. Kwa kilohezi 29,000 robo ya wimbi ni karibu mita mbili na nusu, kwa hiyo huhitaji waya wa kuzunguka kijiji. Nilikata vipande viwili vya urefu huo, kimoja nikakipandisha wima kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, cha pili nikakilaza chini, vyote vikaingia kwenye tundu la antena kwa pini kama ya ifoni za kusikilizia masikioni. Tofauti ilinifanya nicheke peke yangu. Sauti iliyokuwa ikinong'ona ikawa ya mtu aliyesimama mlangoni.

Nikashikwa na tamaa, nikafunga waya wa mita ishirini hadi kwa jirani. Hapo redio ikalewa. Usiku, stesheni kubwa za kilohezi 7,200 na kupanda zilitokea mahali ambapo hazipo, mhubiri mmoja nikamkuta sehemu tano. Redio ndogo hailishwi kama ng'ombe. Nilirudisha waya mfupi.

Kero kubwa ni kidude cha kutafutia. Ukizungusha, sauti inakatika kila hatua, kama mtu mwenye kwikwi, kwa hiyo mtu dhaifu unampita bila kujua. Tena redio ilikuja imewekwa kuruka kilohezi tano tano, nami kwa wiki nzima niliruka watu waliokuwa katikati. Iweke hatua ya kilohezi moja, na uzungushe kama unayepekua dengu. Kero ya pili ni tundu la antena: lilianza kulegea mwezi wa nane, fundi wa simu akalichomelea kwa shilingi 200. Spika yake ni ndogo, na kwa AM hilo ni kosa, maana utamu wote uko kwenye sauti nene. Natumia ifoni kubwa za kufunika sikio, zilizokuwa za kijana wangu.

Pale inaponifurahisha ni kwenye upana wa kupokea. Sauti ya AM inayofika kilohezi 3 inahitaji nafasi ya kilohezi 6, tatu kila upande. Redio nyingi za bei hii hubana hapo, unasikia mtu kama amefunikwa na blanketi. Hii ina nafasi kadhaa, na ukiiweka kwenye pana kabisa blanketi linatoka. Ukipata kelele ya jirani unabana kidogo.

Kuna hila nyingine niliyoigundua kwa kuhangaika, na kwangu ndiyo imelipa pesa yote. AM ya mbali ina ugonjwa: wimbi mama linaweza kufifia ghafla huku pande zake zikibaki, na hapo sauti inapinda, mtu anakuwa kama anazungumza ndani ya pipa la maji. Likianza, bonyeza kitufe cha SSB, zungusha taratibu hadi ule mluzi ushuke, ushuke, uishe kabisa. Redio inaweka wimbi lake yenyewe mahali pa lile linalofifia, unasikia upande mmoja tu, na mzee wa watu anatoka kwenye pipa. Kwa hiyo kitufe kilichoundwa kwa ajili ya bata kinamwokoa mtu wa AM. Hakijaandikwa hivyo kwenye kijitabu.

Jambo ambalo hakuna redio itakayokutibia ni bodaboda. Pikipiki ikipita njia ya nyuma, cheche za plagi yake zinaingia kwenye mita 10, trrrrr, mpaka ifike kona. Ikiwa mzee wa Marekani alikuwa anataja jina la mji wake, pole.

Nimejaribu pia kupanda nayo Menengai, juu kwenye ukingo, mita 2,278. Kule hakuna balbu ya jirani. Nilisikia watu ambao nyumbani sijawahi kuwasikia, hata wale dhaifu wanaojibiwa tu na mwingine asiyesikika. Shida ni kwamba bendi inanoga jua likizama, na jua likizama mimi nataka niwe nimeshashuka. Kwa hiyo Menengai ni ya Jumapili, saa kumi na nusu hadi kumi na mbili, basi.

Bendi za chini, mita 40 na 80, kwa nadharia ndizo za usiku. Jua likizama tabaka la chini la angani linalomeza mawimbi hayo linapotea, yanaruka mbali. Lakini sisi tuna Ziwa Victoria upande wa magharibi, na radi zake za usiku huingia redioni. Shemeji yangu wa Kisumu nilimpelekea redio kwa wikendi moja mwezi wa nne: alisikia krak-krak usiku kucha, kama mtu anayevunja kuni. Hapa Nakuru ni afadhali kidogo, wala si sana. Ikiwa unanunua redio hii kwa AM ya mita 40 ukiwa karibu na ziwa, subiri miezi mikavu.

Kuna mzee kwenye mtaa wetu aliyefanya kazi Posta na Simu zamani, enzi ya shirika moja la Afrika Mashariki kabla halijavunjika 1977. Jioni moja alinikuta chini ya mparachichi.

"Kijana wangu, unasikiliza nini hapo na uso wa mtu aliyefiwa?"

"Wamarekani, guka. Wanazungumza tu."

Akavaa ifoni. Alinyamaza muda mrefu. Yule wa upande wa pili alikuwa akieleza kwamba anatumia Heathkit DX-100, mtambo wa kurushia wa miaka ya 1950 wenye kilo kama 45, na kwamba safari hii ameusogeza peke yake na mgongo umekataa. Wenyewe huiita mitambo hiyo nanga za meli, kwa uzito wake. Mzee akatabasamu, akavua.

"Hiyo ni AM. Hiyo ni sauti ya mtu." Halafu akaniuliza bei, nikamwambia, akasema ni ghali. Keshoye saa kumi na moja alikuwa amekuja na kiti chake.

Kwa hiyo, ninunue au nisinunue? Kwa mtu anayetaka taarifa ya habari tu, hapana, simu yako inatosha. Kwa mtu anayetaka kurusha, hii ni sikio tu, haina mdomo. Ikiwa unakaa ghorofa ya nne katikati ya mji na huna pa kufunga hata mita mbili na nusu za waya, nisikudanganye, utasikia nyuki. Lakini ukiwa na ua, mti, na subira ya kukaa dakika ishirini kwenye shshsh kabla mtu hajatokea, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imebaki kwenye kile kidude chenye kwikwi.

BL-5C ya kwanza bado inashika chaji siku tatu za jioni kwa saa mbili mbili. Ninatafuta redio ya pili, iliyotumika, ya aina hiihii, kioo kikiwa na mikwaruzo si neno, mradi tundu la antena liwe zima. Ni ya mzee. Yangu anaishika mno, na msimu ndio unaanza.